Amana na Anwani: Kuipa Seva ya Akiba Makazi ya Kudumu

Sifa zote njema ni za Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu na dada zangu, najua wengi mtashangaa kuona somo la kompyuta limeandikwa na mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu. Sikuchagua somo hili, lilinifuata lenyewe. Muhula uliopita jumuiya yetu ilipoteza kumbukumbu za wiki 7 za mfuko wa karadha, na kompyuta zilizotunza kumbukumbu hizo nilikuwa nimekabidhiwa mimi. Chanzo cha hasara hiyo kilikuwa namba moja tu ya mtandao ambayo hakuna aliyeifikiria. Naandika ili jumuiya nyingine, na yeyote anayetunza data za watu, asipite tulipopita sisi.

Yaliyotokea

Ofisi yetu ina kompyuta mbili. Ya kwanza anaitumia mweka hazina. Ndani yake mna daftari la karadha: nani amekopa, kiasi gani, kwa ajili ya ada au kodi ya chumba, na amekubali kurejesha lini. Wengi wa wakopaji ni wenzetu waliotoka mbali, Tanzania, Kenya, Burundi na Rwanda, ambao fedha za nyumbani zikichelewa hawana mlango mwingine wa kubisha hapa Uganda. Kompyuta ya pili ni kuukuu, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Tuliitia diski ya terabaiti 1 na Ubuntu Server, ikawa seva yetu ya akiba. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila usiku saa 8, kupokea nakala ya daftari kutoka kompyuta ya mweka hazina.

Ilifanya kazi vizuri miezi kadhaa. Kisha usiku mmoja mvua kubwa ikanyesha na umeme ukakatika. Uliporudi, ruta iliwaka yenyewe, lakini seva ya akiba haikuwaka mpaka mtu alipokwenda kubonyeza kitufe siku ya pili mchana. Tuliona taa ya kijani, tukasema alhamdulillah, tukaondoka.

Wiki 7 baadaye diski ya kompyuta ya mweka hazina ilianza kulia tik-tik, kisha ikafa. Sikuwa na wasiwasi. Nilimwambia mweka hazina, "Usijali, nakala ipo." Nikafungua seva ya akiba mbele yake. Faili la mwisho lilikuwa na tarehe ya mkesha wa ile mvua.

Kaka mmoja wa mwaka wa 3, anayesoma sayansi ya kompyuta, alikuja kutusaidia. Alitazama dakika chache, akaniuliza: "Sheikh, anwani ya seva hii aliipanga nani?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyeipanga, ilijipata yenyewe.

"Basi," akasema, "na ilipoondoka, iliondoka yenyewe."

Anwani ni nini, na kwa nini ilihama?

Kila kifaa kilicho katika mtandao, iwe simu, kompyuta au printa, kina anwani ya IP. Anwani ya aina iliyozoeleka ina namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.1.104. Mitandao ya ndani ya nyumba na ofisi hutumia anwani kutoka mafungu matatu yaliyotengwa kwa kazi hiyo: yanayoanza na 10, yanayoanza na 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Utaratibu huo umewekwa katika waraka uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996, ndiyo maana ofisi yako na ofisi ya jirani zinaweza kuwa na anwani zinazofanana bila kugongana. Kila moja ni mtaa wake.

Baada ya anwani huandikwa alama kama /24, ambayo kwingine huandikwa 255.255.255.0. Maana yake ni kwamba namba tatu za mwanzo ni jina la mtaa, na ya mwisho ni namba ya nyumba. Kwa /24 unapata nyumba 254 za kutumia, kuanzia 1 hadi 254. Namba 0 ni ya mtaa wenyewe, na 255 ni ya kutangazia wote.

Sasa, nani anagawa nyumba? Kwa kawaida ni ruta, kwa utaratibu uitwao DHCP. Kifaa kikiwaka huuliza, "Nani atanipa anwani?" Ruta huchagua moja kutoka fungu lake na kuikodisha kwa muda. Muda ukikaribia kwisha, kifaa huomba kuongezewa. Kwa simu ya mgeni aliyekuja kwenye darsa, utaratibu huu ni mzuri sana. Mgeni hapewi nyumba, hupewa kiti.

Kosa letu lilikuwa kuiweka seva ya akiba kwenye kiti cha mgeni. Ilikuwa imekalia 192.168.1.104, na ndiyo anwani tuliyoiandika katika programu ya kutuma nakala. Umeme ulipokatika, ruta ilisahau orodha ya waliokodi, kama zifanyavyo ruta nyingi za bei nafuu. Ilipowaka, seva ilikuwa bado imezimwa, na simu ya mtu fulani ikapewa 104. Seva ilipokuja kuwashwa mchana, ilikuta kiti chake kina mtu, ikapewa 117.

Tangu siku hiyo, kila usiku saa 8, kompyuta ya mweka hazina iligonga mlango wa 104. Wakati mwingine ilikuwa simu, ikakataa muunganisho. Wakati mwingine hapakuwa na mtu kabisa. Kila usiku iliandika kosa hilo katika faili la kumbukumbu zake. Faili hilo lilikuwa na malalamiko ya wiki 7, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifungua.

Tulichojifunza katika mlango wa wadia

Wiki hiyohiyo, darasani, tulikuwa katika fiqhi ya wadia, yaani mali anayoachiwa mtu aitunze. Kanuni mnaijua: mtunza amana hadaiwi fidia ikiwa mali imeharibika bila kosa lake. Mkono wake ni mkono wa amana. Lakini akivuka mipaka, au akizembea, anawajibika. Na moja ya sura za uzembe walizozitaja wanazuoni ni kuiweka mali mahali pasipokuwa hirzi yake.

Neno hirzi lina asili moja na hirizi tunayoijua, lakini hapa si kitu cha kuvaa shingoni. Hirzi ni mahali pa hifadhi panapofaa kwa mali ya aina ile, na kinachoamua ni ada ya watu. Hirzi ya mbuzi ni zizi, nayo si hirzi ya dhahabu. Aliyepewa dhahabu akaifunga zizini, kisha akasema alifunga mlango, hilo halimtoshi.

Nilikaa darasani najiuliza: hirzi ya data ni ipi? Sisi tulikuwa na chumba chenye kufuli. Tulikuwa na diski mpya. Lakini watu wanaoijua kazi hii, ambao ada yao ndiyo kipimo, hawaachi seva ya akiba ikae kwenye anwani ya kukodi. Wala hawaachi kusoma taarifa zake. Sitoi fatwa hapa, mimi ni mwanafunzi. Nasema tu kwamba mimi binafsi sikuweza kujiambia kuwa sikuzembea.

Na hapakuwa na wa kumlaumu zaidi yetu. Umeme kukatika ni jambo la kila wiki, na mwenye akili hupanga mambo yake akilijua hilo.

Hatua za kuipa seva anwani ya kudumu

Hizi ndizo hatua tulizofuata na yule kaka. Zinahusu Ubuntu Server, lakini maana yake ni moja kwa mfumo wowote.

Hatua ya 1: Jua mtaa wako na mwenyewe. Kwenye seva andika ip a. Utaona jina la kadi ya mtandao, kwetu ni enp3s0, na anwani iliyopo sasa. Kisha andika ip route uone anwani ya lango, yaani ruta. Ikiwa ofisi yenu imeunganishwa moja kwa moja na mtandao wa chuo, simama hapo. Nenda ofisi ya TEHAMA ya chuo uombe upewe anwani. Kujichagulia anwani katika mtandao wa watu ni kama kujenga kwenye kiwanja usichouliza mwenyewe. Ikigongana na anwani ya kifaa kingine, vyote viwili vitayumba, na huenda hicho kingine kina kazi kubwa kuliko yako. Sisi tulikuwa na ruta yetu wenyewe, kwa hiyo tuliendelea.

Hatua ya 2: Chagua namba iliyo nje ya fungu la wageni. Ingia kwenye kurasa za mipangilio ya ruta, utazame DHCP inagawa kutoka wapi mpaka wapi. Yetu ilikuwa ikigawa 100 hadi 200. Tukakubaliana kwamba namba 2 hadi 99 ni za wenyeji: seva, printa na vifaa vyote visivyohama. Seva ya akiba ikapata 10. Hapa wengi hukosea. Wanaiandikia seva namba ya kudumu, lakini ndani ya fungu lilelile la wageni. Siku seva ikizimwa, ruta inaweza kumpa mgeni namba hiyo, nanyi mkarudi palepale.

Kabla ya kuichukua namba, andika ping 192.168.1.10 uone kama kuna anayejibu. Lakini kutojibiwa si ushahidi kamili, kwa sababu kifaa kilichozimwa hakijibu. Uliza na watu pia.

Hatua ya 3: Andika anwani kwenye seva. Mipangilio ya Ubuntu Server imo katika folda /etc/netplan, katika faili lenye mwisho .yaml. Kabla ya kuligusa, linakili, na nakala uiweke katika folda yako ya nyumbani. Usiiache humohumo ikiwa na mwisho wa .yaml, kwa sababu netplan husoma mafaili yote ya aina hiyo yaliyo katika folda ile. Ukikuta juu ya faili pameandikwa kwamba limetengenezwa na cloud-init, soma maelezo yake kwanza, maana mabadiliko yako yanaweza kufutwa. Letu lilikuwa hivi:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.1.10/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.1.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.1.1]

Mstari wa dhcp4 unasema: usiombe kiti. Unaofuata unataja nyumba yetu. Sehemu ya routes inataja lango la kutokea nje, na ya mwisho ni mahali pa kuuliza majina ya tovuti. Nafasi za mwanzo wa mistari ni sehemu ya maana, kama irabu katika Kiarabu: ukiziharibu, maneno ni yaleyale lakini maana imepotea. Tumia kitufe cha nafasi, usitumie cha Tab.

Kisha usikimbilie kuthibitisha. Andika sudo netplan try. Amri hii huweka anwani mpya kwa majaribio, na usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, inarudisha ya zamani. Tena kaa mbele ya seva yenyewe, na kioo na kibodi yake. Ukiibadilisha kwa mbali, mara tu anwani inapobadilika utakuwa umejifungia nje.

Kuna njia nyingine: kuiagiza ruta impe mwenyeji huyu namba ileile kila mara, kwa kumtambua kwa namba ya kadi yake, iitwayo MAC. Ni njia nzuri pia. Udhaifu wake ni kwamba ruta ikiharibika au ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, agizo hilo linapotea. Kwa mahali ambapo ruta huungua kwa umeme, tuliona bora seva ijijue yenyewe.

Hatua ya 4: Ita kwa jina, usiite kwa namba. Kwenye kompyuta ya mweka hazina, katika faili /etc/hosts, tuliongeza mstari mmoja:

192.168.1.10 akiba

Sasa programu ya kutuma nakala haitaji namba popote. Inasema akiba. Siku mtandao ukibadilika, utarekebisha mstari huu mmoja tu.

Hatua ya 5: Hakikisha ni nani anayefungua mlango. Anwani inakuonyesha mahali. Haikuhakikishii nani yuko pale. Unapoingia kwa SSH mara ya kwanza, kompyuta hukuonyesha alama ya utambulisho wa seva na kukuuliza kama unaikubali. Wengi wetu hujibu ndiyo bila kusoma. Sisi wa Masomo ya Kiislamu tumefunzwa kutopokea hadithi kwa kuwa tu imefika. Tunauliza nani kaisimulia, na kama ni mkweli. Fanya hivyo hapa. Nenda kwenye seva yenyewe, andika ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, ulinganishe alama mbili hizo. Zikilingana, kubali. Na siku yoyote kompyuta ikikuonya kwamba utambulisho umebadilika, usilazimishe. Uliza kwanza.

Hatua ya 6: Andika kwenye daftari. Tuna daftari la karatasi sasa. Kila kifaa chenye anwani ya kudumu kina mstari wake: anwani, jina, kilipo, tarehe, na aliyeipanga. Uongozi wa jumuiya hubadilika kila mwaka. Anayekuja hatajua kilichokuwa kichwani mwako.

Anwani peke yake haitoshi

Kama tungekuwa na anwani ya kudumu lakini tabia zetu zikabaki zilezile, siku nyingine tungeanguka kwa sababu nyingine. Kwa hiyo tuliongeza mambo matatu.

La kwanza, kila Ijumaa baada ya swala mtu mmoja hufungua taarifa za wiki na kutia saini daftarini: nakala 7 zimefika, au hazikufika. Ukimya wa mashine tusiuhesabu kuwa ni salama.

La pili, kila mwezi tunarejesha faili moja kutoka seva ya akiba na kulifungua. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha ni dhana tu. Na kila siku ina folda yake yenye tarehe, ili faili likiharibika leo, lisifute lile zima la jana.

La tatu, nakala moja hukaa nje ya ofisi, katika diski iliyofungwa kwa nenosiri, jengo jingine. Moto hauangalii anwani. Hili si jambo geni kwetu. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar (R.A.) alimshauri Sayyidna Abu Bakr (R.A.) ikusanywe, na kazi akapewa Zayd bin Thabit. Kurasa hizo zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa. Na katika zama za Sayyidna Uthman zikatolewa nakala, zikapelekwa miji mikubwa kama Kufa, Basra na Sham, na nyingine ikabaki Madina. Allah ameahidi kuihifadhi Qur'ani, na masahaba hawakuifanya ahadi hiyo kuwa sababu ya kukaa bure. Sisi tunaotunza madeni ya watu, ambayo hayana ahadi kama hiyo, tuna udhuru gani?

Na zile wiki 7?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni aya ya deni, inayoamrisha deni la muda liandikwe. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Sikuwahi kuihisi kama nilivyoihisi siku tulipobandika tangazo msikitini: aliyekopa au kulipa katika wiki hizi, tafadhali aje, kumbukumbu zetu zimepotea.

Walikuja 11. Wengi walileta ujumbe wa malipo ya simu, tukaandika upya. Dada mmoja hakuwa na ushahidi wowote, naye alidaiwa, si kwamba anatudai. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Alisema kiasi, akataja tarehe ya kulipa, akaondoka. Lakini fedha zilizobaki hazikulingana na hesabu mpaka leo. Kuna mtu hakuja, au kuna mtu alilipa na sisi hatujui. Pengo hilo mweka hazina na mimi tumekubaliana kulijaza kidogo kidogo kutoka mifukoni mwetu. Hakuna aliyetulazimisha.

Maswali ya kujipima

1. Seva au kompyuta yenye data za jumuiya yenu ina anwani gani leo, na nani aliipanga?
2. Anwani hiyo imo ndani ya fungu la DHCP au nje?
3. Umeme ukikatika usiku huu na kurudi alfajiri, nini kitawaka kwanza, na kitapata anwani gani?
4. Mara ya mwisho kufungua faili lililorejeshwa kutoka nakala ya akiba ilikuwa lini?

Kama swali moja linakukwamisha, usisubiri mvua. Ofisi yetu iko wazi baada ya Alasiri, na daftari letu mnakaribishwa kulitazama.

Allah atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana, na atusamehe tuliyozembea. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.